Hodi ya Tatu ya Mboni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa ndani ya ndege ndogo, nyuma ya mjukuu wangu Mboni, juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi. Mkanda wa kujifungia ulikuwa kanga yangu. Sikushangaa. Mboni anasomea urubani, na asubuhi hii ndiyo alikuwa arushe ndege peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu. Nikaona si vibaya mke mwenzangu akisindikizwa. Ndivyo ninavyomwita tangu alipozaliwa, maana babu yake tulimgombania wote wawili.

"Bibi, hutakiwi kuwemo humu," anasema bila kugeuka. "Peke yangu maana yake peke yangu."

"Mimi sihesabiwi. Nimeketi tu."

Chini naona uwanja. Umelala chali, umejifunika shuka la lami mpaka shingoni. Mboni anashusha ndege. Upepo unatupiga ubavuni, tunakwenda upande kama kaa.

"Bibi, siwezi kutoa macho uwanjani. Nisomee mshale wa mwendo."

Nikauinamia ule mshale. Nao ukanitazama.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?" ukaniuliza.

"La nne."

"Mimi nasomeka kuanzia la saba."

"Baba, mtoto ataanguka."

"Naona. Lakini la nne ni la nne."

Mara tumo darasani, sisi na ndege yetu, na madawati yamepangwa juu ya mawingu. Mwalimu wa urubani yuko ubaoni. Ni birika la chuma lililovaa tai. Anasoma kanuni polepole, kwa ajili yangu.

"Uwanja ni nyumba ya watu. Rubani apige hodi. Akijibiwa, atue. Hodi tatu zikipita kimya, apandishe ndege, azunguke, aanze upya. Kurudi si aibu."

Akatoa mvuke kidogo, kengele ikalia, na mabati ya nyumba za watu yakawa yanapita chini ya miguu yetu.

"Hodi," anasema Mboni redioni.

Kimya.

"Hodi."

Uwanja ukajigeuza, ukalala ubavu.

"Upepo huu siuwezi, bibi," ananiambia kwa sauti ndogo. "Naomba wasijibu. Wasipojibu nazunguka." Mkono wake ulishashika kile kishikio cha kuongeza nguvu ya injini. Nikaiona mishipa yake, imesimama kama ya mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Hodi."

Mimi nina miaka sabini na nne. Tangu nijue kusema, sijaacha hodi ipite mlangoni kwangu. Nimeitikia nikiwa na homa, nimeitikia mikono imejaa unga, nimeitikia siku ya matanga ya babu yake. Mdomo haukuniuliza.

"Karibu," nikasema.

Mboni akakiachia kile kishikio. Aliyekaribishwa huingia.

Gurudumu la kushoto likagusa kwanza. "Si mimi niliyeitwa," likasema, likaruka. Tukapaa, tukashuka, tukapaa tena, na kila tukishuka pigo ni kubwa zaidi. Pua ikaelekea kushoto. Mboni anakanyaga kwa mguu wa kulia, anakanyaga, na kile anachokikanyaga kinamjibu taratibu, kama karani dirishani, kwamba amechelewa, arudi kesho. Uwanja ukajivutia shuka lake. Tukatoka kwenye lami, tukaingia majanini, bawa likachota udongo.

"Bibi, nani kasema karibu?"

Udongo ulikuwa unaingia dirishani. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu kimoja tu.

"Sijui, mke mwenzangu."

Nikaamka. Ilikuwa saa moja kasorobo. Nikakaa kitandani, simu mapajani. Sikupiga, maana alinikataza nisimpigie mpaka apige yeye. Chai nikaiteleka, ikakauka. Saa nne simu ikalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetua?"

"Nimetua vibaya. Ndege imeharibika. Mkono umevunjika, wameshaufunga."

"Mkono utaunga, mama. Uhai ndio kitu."

"Ndiyo, bibi." Akasema kama anayemwitikia mtu aliye mbali.

"Nilikuwa nazunguka," akasema. "Upepo ulishanishinda, nikakata shauri nipande juu nianze upya. Mkono ulikuwa tayari. Halafu nikasikia redioni mtu ananikaribisha. Mwanamke mzee. Waongoza ndege wa mnarani wanasema hawakusema neno. Rekodi wameisikiliza mara mbili, hamna kitu. Wameandika kwamba nasikia sauti, bibi. Ukishaandikiwa hivyo hurushi tena."

Nikaibana simu sikioni.

"Sauti yenyewe," nikamuuliza, "uliitambua?"

"Niliitambua," akasema Mboni. "Ndiyo maana nilitua."