Ncha ya Pili ya Jeneza

Kokushubila anakaa kando ya barabara, adhuhuri, na kabla hajamaliza kuwaambia wenzake tangulieni, nitawafuata, usingizi unamchukua. Wametoka Bukoba kwa miguu, wanakwenda kuhiji Namugongo, kwa wafiadini. Wenzake wanakwenda kuomba, yeye anakwenda kwa sababu tangu amzike mwanawe Egidi hawezi kuomba tena, sala inamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Sasa, ndotoni, yuko barabarani tena, lakini barabara hii haina mbele wala nyuma, inajikunja na kumrudisha pale pale, penye mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo anajiona amebeba jeneza dogo, hapa kichwani, pale mgongoni, kule kifuani. Anakimbia, na mji unakimbia naye. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso, laini kama ganda la yai. Baba, nionyeshe njia ya kutoka. Ya kutoka ndiyo ya kuingilia, anajibu. Usinitegee vitendawili, mwanangu amekufa! Nilimlilia Mungu hadi sauti ikanikauka, alikuwa wapi? Mtu yule anazidi kutembea. Barabara inajikunja tena, vioo vinarudi, jeneza linazidi kuwa zito, na Kokushubila anaanguka, anapiga ardhi kwa viganja, anasema basi Mungu na aniue na mimi, kwani nimebakiwa na nini. Hapo ndipo anapoiona miguu ya kiongozi wake, imesimama karibu na uso wake: imechubuka, imejaa malengelenge, damu imegandamana na vumbi. Kumbe nawe umetembea? Tangu makaburini, mama, sijakuacha. Jeneza lina ncha mbili. Ile nyingine ulidhani ameishika nani?

Kokushubila analia, analia kama ambavyo hajawahi kulia hata siku ya mazishi, na ndani ya kilio mna neno moja tu, Bwana, halina hata amina.

Anafumbua macho. Mtu amemwinamia, jua liko nyuma yake, uso hauonekani. Mama Egidi, amka, tumekurudia. Ni Adelina, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Lakini Kokushubila anampapasa kwanza, pua, midomo, mashavu. Dada, hii ni barabara gani? Adelina anamtazama kwa huruma. Ni hii hii, mwenzangu, kwani kuna nyingine? Kokushubila hajui. Anasimama, nyayo zinawaka moto, mbele lami inajikunja kilimani, naye anasema kwa sauti, Bwana, na Adelina, akidhani mwenzake ameanza litania, anaitikia, utuhurumie.