Perege wa Naserian

Mshipi wa kuvulia ulikazika ghafla, ukamchana ngozi ya kidole, na Naserian akajua kuwa samaki huyu si mdogo. Alikuwa amesimama majini hadi magotini, pale Ziwa Duluti linapojipenyeza kwenye mafunjo, mahali perege wekundu wanapopenda kujificha. Ndoo yake ilikuwa imeshajaa wadogo. Nyuma yake, ukingoni, baba yake mzee Lerionka aliegemea fimbo, akitazama.

Mzee alifika asubuhi kutoka Kisongo akiwa na mbuzi wa sherehe. Kesho mjukuu wake Lydia, binti wa Naserian, alikuwa apate kipaimara. Hata chai hajainywa, akaeleza nia yake: wageni wale nyama, wasije wakasema nyumba ya binti wa Lerionka inakula samaki. Katika boma lao la Kimaasai samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka. Tangu asikie kwamba Naserian, baada ya kufiwa na mume, anavua kama wanaume wa Tengeru, alikuwa hajatia mguu kwake hadi siku hiyo.

Naserian alikuwa ameinamisha kichwa, akapokea mbuzi, akamfunga nyuma ya migomba. Kisha akachukua mshipi wake.

"Baba, nimeshukuru, na mbuzi nitamfuga," alisema. "Lakini chakula cha kesho kitatoka ziwani. Lydia amesomeshwa na ziwa hili. Siwezi kulificha siku ya furaha yake."

Mzee akachukua fimbo yake. Alimfuata tu, labda kwa hasira, labda kwa kutoamini.

Sasa samaki alikuwa anakimbilia mafunjo. Akiingia humo, mshipi utanasa ukatike. Naserian hakuvuta. Alilegeza, akamwacha adhani ameshinda, huku akisogea pembeni taratibu, akimgeuza aelekee maji ya wazi. Alijifunza hivyo kwa kupoteza wengi. Tope likateleza chini ya mguu wake. Akayumba.

Mkono ukamshika fundo la kanga kiunoni. Mzee Lerionka alikuwa ameingia majini na shuka lake, fimbo ameiacha kwenye nyasi.

"Usimwachie," alisema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia ng'ombe alipokuwa akizaa kwa shida. "Nimekushika."

Wakavutana naye hadi perege akachoka, akalala ubavu, kifua chekundu, mpana kama sahani ya wageni. Naserian akamtoa. Alisimama wima, maji yakimchuruzika, akamtazama baba yake usoni kama ambavyo hakuthubutu tangu utotoni.

Mzee akanyoosha mikono. Alimshika samaki mbali na kifua chake, vidole havijui pa kukaa, mpaka Naserian akamwelekeza: hapa, kwenye matamvua.

Njiani mama mmoja muuza ndizi alimwamkia mzee shikamoo, akauliza samaki mkubwa hivyo ni wa nani.

"Wa binti yangu," mzee alijibu. "Amemvua mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu."

Walipofika njia panda, Naserian alimwonyesha njia ya mkato inayopita migombani. Mzee akauliza hiyo nyingine inapita wapi.

"Mbele ya kanisa, Baba. Ni ndefu. Na watu ni wengi, wanapamba kwa ajili ya kesho."

Mzee akamnyanyua samaki juu kidogo, akashika njia ya kanisani. Naserian akajitwika ndoo, akafuata, mkia wa perege ukidondosha maji juu ya viatu vya makatambuga vya baba yake.