Shamba Lililokunjwa

Jumamosi asubuhi Anselma alikuwa ameketi sakafuni akikunja nguo, na binti yake Genoveva, aliyekuja kutoka Carcar kumtembelea, alikuwa akimsaidia kwa namna iliyomuudhi. Genoveva alikuwa fundi wa viatu huko mjini. Ngozi aliijua, shuka hakuijua.

"Hiyo nayo ni nini?" Anselma akauliza.

"Nimekunja, mama."

"Hujakunja. Hiyo tunaita kumot. Umeifinyanga kama karatasi ya kufungia samaki. Pilo ni hii, tazama: ncha kwa ncha, ukingo kwa ukingo, ili atakayeikunjua aikute kama ilivyokuwa. Lukot ni ya mkeka, unaviringisha. Na hii," akamgusa binti yake katikati ya nyusi, "hii ni kunot. Haikunjwi na mtu, inakuja yenyewe. Umeanza kuwa nayo. Hivi huko mjini unalala?"

"Nalala, mama."

"Unalala kama hiyo shuka."

Katika vilima vile vya kusini mwa kisiwa cha Cebu, Ufilipino, hakuna aliyebisha kwamba mkono wa Anselma haukuwa na mwenzake. Padri alimletea mavazi yake ya Pasaka. Mabibi harusi walimtuma mtu amwite aje kuweka marinda ya magauni yao. Shuka aliyoikunja yeye ilikaa kabatini mwaka mzima, na siku ilipotolewa ilikuwa bado na joto la jua.

Kabla ya mchana alifika Crispulo, mwenyekiti wa kijiji, pamoja na kijana wa kampuni ya hoteli aliyevaa viatu vyeupe. Kijana alizungumza Kiingereza kwa kirefu. Crispulo alisikiliza, akajikuna shingo, akatafsiri kwa kifupi: shamba la Anselma limekunjwa ndani ya kiwanja kikubwa cha hoteli. Alitumia neno pilo. Kiingereza, alieleza, kina neno moja tu, fold, kwa kila namna ya kukunja, na yeye amechagua lile lenye heshima.

"Limekunjwa na nani?" Anselma akauliza.

"Na kampuni, mama."

"Mbona mimi nilikuwa huko leo alfajiri? Liko wazi, na mahindi yamefika kiunoni."

"Ni lugha ya kisheria tu. Maana yake, mwezi ukiisha uwe umehama."

Anselma aliweka shuka juu ya rundo, akailainisha kwa kiganja. "Mwambie huyu kijana kwamba sipendi watu kunikunjia vitu vyangu. Nitakunja mwenyewe."

Crispulo akatafsiri. Kijana alifurahi sana, akashukuru, akasema ushirikiano wa namna hiyo ni nadra.

Alasiri mama na binti walishuka shambani. Walimtoa mbuzi kwanza, kisha kuku. Anselma alipiga magoti kwenye kona ya juu, akapenyeza vidole chini ya udongo, akatikisa mara moja kudondosha kokoto, na kona ikainuka.

"Shika zile ncha za chini," alisema. "Usivute. Nifuate mimi."

Genoveva alishika. Walilinyoosha shamba baina yao, kisha wakatembea kukutana. Mahindi yalilala upande mmoja bila kuvunjika. Upande wa mashariki ulikuwapo ukuta wa mawe aliyoyang'oa shambani marehemu Simeon, mume wa Anselma, jiwe baada ya jiwe, ujana wake wote. Anselma aliupitisha mkunjo wa kwanza kando ya ukuta huo ili jiwe lisigongane na jiwe. Kisha aliona ukingo mmoja umepitiliza kwa upana wa kidole, akafungua lote, akaanza upya. Mgongo ulimuuma, na hakuharakisha. Genoveva alitazama mikono ile ikienda na kurudi juu ya udongo, akaona fahari.

Walipomaliza, shamba lilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia na uzito wa mtoto aliyeanza kutembea. Mahali lilipokuwa ulibaki mwamba mweupe.

Jirani yao Eleuterio alikuwa amesimama mpakani muda wote huo, kofia mkononi.

"Dada Selma," alisema, "na langu basi."

Anselma alikwenda, ingawa jua lilikuwa limeinama. Alipoinua kona ya shamba la Eleuterio ilitoka sauti ya kitambaa kinachochanika. Huku kampuni ilikuwa imeshapigilia vyuma vyake vya mipaka pande zote. Akairudisha kona chini taratibu.

"Likichanika siwezi kulishona, Teryo."

"Liviringishe tu, hivyohivyo. Nitajua mwenyewe mbele ya safari."

"Vyuma vimelishika. Nikilazimisha utabeba matambara."

Eleuterio aliweka kofia chini. Alichuchumaa, akapasawazisha kwa mkono pale palipochanika.

Kampuni ilimshtaki Anselma kwa kuondoa sehemu ya kiwanja. Mahakamani aliombwa alete kielelezo, naye akakileta ndani ya kanga ya maua aliyofungia mgongoni. Hakimu, mwanamke mtu mzima aliyelelewa na bibi mshonaji, alikiweka mezani, akapitisha kidole ukingoni, akakinusa. Alisema katika maisha yake hajaona kazi safi kama hiyo. Akawaita makarani waje nao waone. Kisha akaamua kwamba shamba ni mahali, na mahali hapo ni pa kampuni. Udongo, kwa kuwa kampuni ilisema inataka mandhari tu, mama anaweza kukaa nao. Hoteli ilijengwa juu ya mwamba.

Anselma alihamia Carcar kwa binti yake. Uwanja wa nyuma wa nyumba ya kupanga ulitosha robo moja tu ya shamba, kwa hiyo walilima robo kwa robo. Walivuna ya kwanza, wakaikunja, wakafungua ya pili. Zilizokunjwa zilingoja bila kunyauka. Kwenye mistari ya mikunjo hapakuota kitu hata Anselma aliponyunyiza maji na kupapasa. Majirani walikuja kutazama namna anavyofungua, na baadhi ya wanawake walirudi nyumbani wakakunja upya makabati yao.

Eleuterio alipata kazi ya bustani hotelini. Jumapili moja alikuja na basi, akiwa na sare ya kijani yenye jina lake kifuani, akaleta papai.

"Karibu, Teryo. Wamekuvalisha kama mti," Anselma alisema.

"Na wananimwagilia vilevile, dada. Kila siku nalowa." Akatazama mahindi uwanjani. "Ile robo ya ukuta mnaifungua lini?"

"Leo, ukitaka."

Waliikunja iliyokuwa wazi, wakafungua ya mashariki. Pamoja na ukuta wa Simeon ulitoka upepo wa kilimani, ukavuma hadi kwenye kamba za nguo za majirani. Eleuterio alivua viatu. Anselma alimwonyesha tuta lililo kando ya ukuta, akamwambia hilo ni lake, apande anachotaka. Alipanda maharage. Alifanya kazi mpaka mwenye nyumba aliporudi na pikipiki yake ya abiria, akapiga honi, kwa sababu uwanjani mle ndimo alimoilaza.

"Acha mimi," Genoveva alisema akiinama.

"Hapana," Eleuterio akasema. "Nifundisheni."

Akashika ncha mbili, Anselma mbili. Alivuta mno, akaambiwa asivute. Akalegeza, akatembea kumfuata yule mama, macho kwenye mikono yake, na kingo zikakutana. Anselma alizikagua, hakuzirekebisha.

Kisha Eleuterio alivaa viatu na kuwahi basi la jioni. Kesho yake alfajiri alitakiwa kumwagilia majani ya hoteli, upande wa chini, kwenye shamba lake lilelile.