Pua ya Kasiva

Wengine Mungu aliwapa sauti, wengine akawapa miguu ya kukimbia hadi wakaonekana kwenye televisheni. Mimi alinipa pua. Nisimamie upande upepo unakotoka, nitakuambia umekunywa nini, umekunywa saa ngapi, na kama uliyekunywa naye alilipa au alitoroka. Hiyo ya mwisho nimeitia chumvi. Nyingine ni kweli tupu.

Pua hii niliinoa kwa miaka kumi na miwili nikiuza kaluvu, pombe yetu ya asali, nyuma ya nyumba yangu, kilomita mbili kutoka soko la Tulia, kabla sijaokoka. Siku hizi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kina mama, na pombe ninayoijua ni ile ninayoinusa kwa wengine. Ndiyo maana Jumamosi ile, siku ya ntheo ya Wavinya wetu, kina mama walinipa kazi ya lango bila hata kupiga kura.

Ntheo ni mbuzi watatu. Kwetu Ukambani, asiyepeleka mbuzi hao kwa wakwe hajaoa, hata kama amefungishwa ndoa na askofu na picha zimejaa ukuta mzima. Na si mbuzi kuingia tu. Lazima mzee wa ukoo wa kijana awakabidhi kwa mkono wake mwenyewe, baba ya msichana awapokee. Wavinya alikuwa na miaka thelathini na miwili, na wageni wa upande wa kijana walikuwa wameahidi kuja mara mbili wakaahirisha mara mbili. Jirani walikuwa wameanza kuuliza maswali huku wakitazama pembeni. Asubuhi hiyo alinivuta nyuma ya jiko.

"Anti, leo usiniharibie."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Nakujua. Hiyo mdomo yako."

Nikamwahidi. Niliahidi mdomo, lakini pua sikuitaja.

Baba yake ni ndugu yangu Musyimi, fundi wa nguo. Zamani alikuwa na vyerehani vinne kwenye veranda pale sokoni, vijana watatu wa kazi, na shule mbili zilizomletea kazi ya sare zote. Miaka saba iliyopita, mchana kweupe, mtu mmoja aitwaye Muindi aliingiza pikapu ya simiti kwenye ile veranda akiwa amelewa chakari. Muindi alikufa palepale, akaacha mke na watoto watano, na shamba lao likauzwa kipande kwa kipande. Musyimi alikatwa mguu wa kulia, na goti la kushoto likajazwa vyuma, halikunjiki. Vyerehani vitatu vikawa chuma chakavu. Shule zikapata fundi mwingine, vijana wakaenda kuchota mchanga mtoni, na Wavinya akaacha chuo cha ualimu mwaka wa pili, akaajiriwa kwenye kinu cha posho. Kile cherehani kimoja kilichobaki, Musyimi anaongoza kitambaa na mimi nimekaa kwenye kigoda upande wa pili, nakanyaga.

"Polepole, Kasiva," hunipigia kelele. "Hii ni sketi, sio lori!"

"Shona, baba. Dereva haulizwi."

Tunacheka hadi uzi unakatika. Jambo moja tu ndugu yangu hakulijua, na nililificha miaka saba kama mtu anayeficha jipu: siku ile Muindi alikuwa ametoka kunywa kwangu. Wiki iliyofuata niliipasua mitungi yote, nikasimama kanisani nikaokoka, na watu wakasema ajali ya ndugu yake imemgusa moyo. Ilinigusa kweli. Ila sikuwaambia wapi.

Basi, siku ya ntheo. Saa nne asubuhi tukaona vumbi, na ndani ya vumbi pikapu ya wageni kutoka upande wa Makueni. Ilikuja upande huu wa barabara, ikabadilisha nia, ikaja upande ule, ikamkosa punda wa maji kwa upana wa mkono, kisha ikasimama kioo chake cha pembeni kikiwa ndani ya ua wetu wa mnyaa. Nyuma, wazee wanne walikuwa wamewakumbatia mbuzi watatu, na sikuweza kusema ni nani aliyekuwa akimshikilia mwenzake. Mzee Mwau, shemasi wa kanisa lao, alishuka akiendelea kuimba pambio. Alikuwa akiliimba tangu mji wa Wote.

Kina mama tukafunga lango na kupiga vigelegele, kama ilivyo desturi. Mgeni haingii mpaka aimbe, aombe, achekwe kidogo. Mimi nikasimama mbele.

"Leo hakuna kuimba," nikasema. "Leo kuna alkoblo, kama ya polisi barabarani. Kila mgeni anipulizie hapa puani, mmoja mmoja, tukianza na bwana harusi."

Wanawake walicheka wakashikana mabega. Ndeti, kijana wetu, alipuliza macho yakiwa yamefungwa.

"Dawa ya meno," nikatangaza. "Na hofu. Apite!"

Mzee Mwau akapuliza.

"Chai ya maziwa, mandazi mbili, na maombi mengi. Apite!"

Hata wazee wao walianza kufurahia. Wakapanga foleni kama watoto wa chanjo, mmoja akarudia mara ya pili kwa sababu alipenda makofi. Nikampigia makofi tena. Waliofaulu wakangoja kando, maana lango halifunguliwi kabla wote hawajapimwa.

Kisha mlango wa dereva ukafunguka, akashuka mzee wa ukoo mwenyewe, mjomba Kimeu, mwenye pikapu, ndani ya suti ya rangi ya kahawa. Alishuka kwa heshima ya mtu anayeshuka ngazi zisizokuwepo. Akanijia akitabasamu, akapuliza.

Pipi za kifua, nusu pakiti. Chini ya pipi, kitunguu kibichi. Na chini ya kitunguu, mama yangu, kulikuwa na baa nzima, na bilauri ya mwisho haikuwa imemaliza nusu saa. Kicheko kilinikauka. Nilitoka, nikampita, nikaingiza mkono kwenye pikapu, nikachomoa ufunguo, nikautia kifuani ndani ya blauzi, nikarudi ndani na kufunga lango.

"Mama," Kimeu akasema, "hiyo funguo ni yangu."

"Ni yako kabisa. Lakini mahali imeingia, mwanamume wa mwisho kufika alikuwa marehemu mume wangu."

Wanawake walilia kwa kucheka. Mmoja alikaa chini. Mzee Mwau alitazama mawinguni akatikisika mabega. Kimeu peke yake hakucheka.

"Mimi ndio mzee wa ukoo. Sinuswi kama mfuko ya samaki. Fungua hii geti, nipe funguo yangu, nikabidhi hizi mbuzi, tukule, tuende. Ama nageuza, na mbuzi zinarudi Makueni."

"Utageuza na nini?"

"Nitawasukuma hawa wazee wasukume gari!"

Wazee wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

Wavinya alikuwa ametoka jikoni mbio, gauni jipya limeshikwa mkononi lisiguse vumbi. Aliponitazama nilijua amekwisha kuelewa. "Anti, tafadhali," akasema kwa sauti ndogo. "Wakirudi leo hawatakuja tena."

Ndeti akawa anatazama viatu vyake. Nikamuuliza, "Wewe, ulikaa mbele na yeye. Uliona?"

"Niliona, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Ni mjomba," akasema. "Nitamwambia nini?"

Miaka saba nimenyamaza, nami ndiye niliyeuliza.

Hapo Kimeu akasogea hadi suti yake ikagusa lango. Alinitazama, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekumbuka jina. Na mimi nikamkumbuka. Alikuwa akitoa mbuzi Tseikuru na kuwapeleka Mombasa kwa lori, na kila safari alikuwa akipitia kwangu. Alikuwa na kofia wakati huo. Akainama na kuninong'oneza, pipi na kitunguu vikinijaa usoni.

"Kasiva wa kaluvu. Kumbe ni wewe. Mimi na Muindi tulikuwa benchi moja siku hiyo. Ndugu yako anajua?"

Niligeuka nikamtafuta Musyimi kwa macho.

"Basi nipe funguo, na sisi wawili tunyamaze."

Musyimi alikuwa amekaa chini ya turubai, hatua kumi na tano hivi, magongo yake yameegemezwa kitini, shati jeupe alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa bado anacheka kwa ajili ya lile neno la blauzi. Alinipungia mkono niendelee kuwachekesha watu.

Nataka niseme ukweli: mkono wangu uliingia kifuani. Niliushika ule ufunguo, na ulikuwa na jasho. Niliwaza kwamba ningeurudisha tu, lango lifunguke, Wavinya aolewe, na jioni huyu mtu awapakie wazee wanne na Ndeti kwenye pikapu, ashike usukani, aende zake. Pengine wangefika. Muindi naye alikuwa amefika mara nyingi kabla ya siku ile. Niliwaza pia jinsi ndugu yangu anavyocheka, na kwamba sitakisikia tena kicheko hicho kikielekezwa kwangu. Nilimpenda sana dakika ile, kuliko nilivyowahi kumpenda, na niliogopa.

Nikautoa mkono, mtupu.

"Musyimi!" nikaita, na sauti yangu ya kwaya ikafika mpaka kwa jirani. "Huyu mzee anataka nimpe funguo, la sivyo akuambie jambo. Wacha nikuambie mwenyewe. Muindi alikunywa kwangu. Siku ile. Kaluvu yangu ndiyo ilikukata mguu."

Mbuzi mmoja alipiga chafya. Wavinya aliachilia gauni likaanguka kwenye vumbi.

Musyimi alichukua magongo, akasimama, akaja polepole hadi langoni. Zile hatua kumi na tano zilichukua muda mrefu kuliko miaka saba. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Alikunywa ngapi?"

"Nne. Ya tano nilimpa bure, kwa sababu alikuwa mteja mzuri."

"Ulijua anaendesha?"

"Nilijua."

"Ulimwona akipanda gari?"

"Nilimfungulia lango mimi mwenyewe, Musyimi. Nikampungia mkono."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Aliuma mdomo. Alimtazama Kimeu, akaitazama pikapu, akawatazama wale wazee wanne mmoja mmoja, hadi Ndeti. Kisha akarudi kwangu.

"Basi leo usifungue," akasema, akageuka na magongo yake akarudi chini ya turubai.

Nililia pale langoni bila kujificha. Kimeu hakuwa amebaki na kitu cha kuuza. Ndeti ndiye aliyesogea, akamshika mjomba wake mkono, sauti yake ikitetemeka kama ya mtahiniwa.

"Mjomba, hauendeshi. Hata akikupa funguo, hauendeshi. Kuja ulale."

"Unaniambia mimi hivyo?"

"Nimekuambia. Ningefaa kukuambia kule Wote."

Wavinya alimtazama yule kijana kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na ninaamini aliolewa hapo hapo, mbuzi au bila mbuzi.

Tulimlaza Kimeu kwenye mkeka, nje ya lango, kivulini mwa pikapu yake mwenyewe. Alikoroma kwa Kikamba safi. Kwa kuwa mzee wa ukoo alikuwa usingizini, ntheo nayo ililala, na watu sitini wakabaki na chakula kilichoiva na siku nzima ya kungoja. Mnajua watu wetu. Saa saba wageni wa nje ya lango na wenyeji wa ndani walikuwa wanashindana kuimba, lango katikati. Saa nane tulikuwa tunawapitishia nyama juu ya mnyaa. Mzee Mwau alicheza hadi kisigino cha kiatu kikatoka. Mbuzi mmoja alifungua kamba yake, akaingia ndani kwa kujipenyeza, akala maua ya meza kuu, na ikabidi arudishwe nje kwa mjadala mrefu wa wazee, kwa sababu hakuwa amekabidhiwa bado.

Saa kumi na dakika kumi Kimeu aliamka, akanawa uso kwenye beseni, akaja langoni. Hakusema neno. Aliinama na kupuliza, kama mtoto anayeonyesha mikono kabla ya kula.

"Usingizi," nikatangaza. "Na aibu. Kidogo ya ile ingine bado iko, kwa hivyo mikono inaweza kukabidhi mbuzi lakini haiwezi kushika usukani. Ufunguo kesho asubuhi. Leo mnalala kwetu."

"Ndiyo, mama," akasema Kimeu.

Nikafungua. Mbuzi waliingia watatu, kwa mkono wa mzee wa ukoo, na Musyimi akawapokea akiwa amesimama kwa magongo yake. Vigelegele vilipaa hadi kuku wakakimbilia shambani. Wavinya alicheka na gauni lake lenye vumbi, nami nilicheza peke yangu langoni huku machozi yakinitoka, na sioni aibu kusema hivyo.

Musyimi hakunitazama mchana wote uliobaki. Wali niliompelekea aliuacha mezani, akala ule aliopakuliwa na Wavinya, nami sikumlaumu. Lakini soda zilipoanza kugawiwa nilimsikia akimwambia binti yake, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba moja ipelekwe kule kwa yule anayelinda lango. Nikaipokea. Nikainywa nikiwa nimesimama palepale.