Maji Yasikatike

Katika mtaa wao wote wa Mesa hakuna aliyejua kuchukia kwa bidii kama Verna Stroud, na hakuna aliyechukiwa naye kwa bidii kama mkwewe, Lonnie Teague. Kisa cha kwanza kilikuwa bata mzinga. Sikukuu ya Shukrani ya kwanza baada ya harusi, Lonnie alitafuna kipande, akanywa maji, akatafuna tena, kisha akauliza mbele ya ukoo mzima, "Mama mkwe, huyu bata ulimpika au ulimwanika?" Watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Verna hakucheka, wala hakusamehe.

Kisa cha pili ndicho kilichomuuma kweli. Lonnie alikuwa mkandarasi wa mabwawa ya kuogelea, na nyuma ya nyumba yake alijijengea bwawa lenye maporomoko ya mawe na mahali pa kutelezea. Sasa, mji wenyewe ni ule wa jangwani ambao kiangazi mbwa hatembezwi mchana, ataungua miguu. Mtoto wa miaka minne atakwenda kufanya nini kwa bibi asiye na bwawa? Kila Jumamosi Verna alimpigia simu binti yake Tessa aletewe mjukuu, na jibu lilikuwa lilelile: "Mama, Junie yuko kwenye maji, hataki kutoka."

Junie alikuwa mtu pekee duniani ambaye Verna hakuwahi kumfokea. Basi akaamua. Atachimba bwawa lake, kubwa kuliko la Lonnie, na Jumamosi zake zitarudi.

Lonnie alipopata habari alikuja mwenyewe, mikono mfukoni. "Nitakujengea mimi, Verna. Wewe kaa kivulini."

"Mkono wako hautagusa udongo wangu."

"Utampa nani kazi?"

"Sitampa mtu. Nitasimamia mwenyewe. Kibali nimeshachukua kwa jina langu."

Lonnie alicheka kicheko kile kile cha bata mzinga. "Unajua kinachotangulia, nondo au mabomba?"

"Nitajua."

"Haya. Maji umeyavulia nguo, mama mkwe. Sasa kayaoge."

Hapo vita ikaanza. Kwanza alipigana na jirani yake Earl, kwa sababu mtambo wa kuchimbia haukuweza kupita ubavuni mwa nyumba, ilibidi ukuta wa Earl ubomolewe kipande. Earl alikubali kwa sharti kwamba ukuta urudishwe na rangi achague yeye, na akachagua rangi ya samoni, ile ya waridi iliyofifia, makusudi, kwa kuwa alijua Verna ataiona kila asubuhi akinywa kahawa. Kisha akapigana na mchimbaji, ambaye alifika kwenye mwamba mweupe mgumu ulio chini ya udongo wa huko, akazima mtambo na kusema huko hakushuki tena. Verna aliingia ndani ya shimo na kiti chake, akakaa, akamwambia atatoka humo siku shimo litakapokuwa na kina cha kwenye mchoro. Mchimbaji akawasha mtambo. Wafunga nondo aliwafukuza wote, akawaita tena wote. Fundi vigae aliondoka akilia, ingawa watu walisema huyo alikuwa na mambo yake ya nyumbani.

Zege lilipokwisha kurushwa kwa mashine kwenye kuta za shimo ilimpasa alimwagilie asubuhi na jioni lisipasuke. Akawa anatoka na gauni la kulalia, mpira wa maji mkononi, kimya kabisa. Zege lile ndilo kitu pekee kilichopata maji ya Verna bila masimango.

Akaja mkaguzi wa manispaa kutazama uzio. Uzio ulizunguka bwawa lote, na geti lilikuwa na springi: ukiliachia linajifunga lenyewe na komeo linajibana juu, mtoto halifikii. Mkaguzi aliinama akapima uwazi wa chini ya geti, akatikisa kichwa. Verna alimtolea maneno ya kutosha mwaka mzima, lakini mkaguzi naye alikuwa ameshazoea wakali kama yeye. Ikabidi geti lishushwe, likashushwa kwa hasira, hata mjusi sasa angepita kwa kujibana. Kibali kilipogongwa muhuri Verna alilipiga picha geti, akamtumia Lonnie bila neno lolote.

Lonnie akajibu kwa neno moja: "Bahati."

Siku ya plasta ilikuja. Ochoa, mkubwa wa mafundi wa plasta, alikuwa mzee wa maneno machache. Walipomaliza kusugua sakafu ikang'aa, alimwita Verna ukingoni.

"Mambo mawili tu, mama. Asikanyage mtu humu ndani. Wala mbwa. Bado ni mbichi, alama itakayoingia leo haitoki. La pili, ukishafungua maji, yasikatike mpaka yafike kwenye vigae vya ukingoni. Yakikatika, pale yalipokomea patabaki mstari mpaka unakufa."

"Mimi mtoto?"

"Sijasema hivyo."

"Basi usinifundishe."

Bomba la nyuma ya nyumba lilikuwa linatoa maji ya kuhurumiwa. Verna akavuta mpira kutoka bomba la mbele, akauzungusha ubavuni mwa nyumba, mpaka kwenye geti. Lakini chini ya geti mpira haukupita, si alilishusha mwenyewe? Akaupitisha mlangoni. Geti likaja kwa springi yake, likaegemea mpira, likabaki wazi. Verna aliliona, tusimsingizie kwamba hakuliona. Alijisemea ni siku moja tu, na nani atakuja?

Ncha ya mpira aliifunga kitambaa isichimbe plasta, akaishusha upande wa kina kirefu, akafungua maji. Kesho yake asubuhi upande ule ulikuwa umeshajaa kiasi cha kumfika mtu mzima kiunoni, na upande wa ngazi bado mkavu. Verna alisimama akitazama, moyo umemjaa furaha ya shari. Akampigia simu Tessa.

"Njooni muone. Mlete Junie. Na huyo mumeo mlete vilevile, aje aone kazi ya mtu asiyejua nondo na mabomba."

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza."

Baada ya hapo alikwenda mbele ya nyumba akakuta Ochoa amemwachia mifuko mitupu ya saruji kando ya mpungate wake. Tulivyomjua Verna, mifuko mitupu ilitosha kuanzisha vita. Alirudi jikoni, akapiga simu, akaanza. Alimwambia Ochoa kuhusu mifuko, akapanda kwenye ustaarabu, akapanda kwenye malezi. Ochoa alijaribu kusema kijana wake angepita kuichukua jioni ile ile. Verna alipaza sauti ili asimsikie. Aligomba amelipa dirisha mgongo, mkono kiunoni, na alipokata simu alikuwa ameridhika kama mtu aliyekula akashiba.

Ndipo akasikia kimya. Maji hayakuwa yakibubujika tena.

Alitoka mbio. Mpira ulikuwa umetupwa nje ya uzio, geti limefungwa, na Lonnie amesimama kando yake, ameloa mpaka kifuani, mabuti yake meupe kwa plasta. Na ndani ya bwawa, juu ya ile sakafu laini aliyoipigania kwa miezi, kulikuwa na alama za mabuti zikishuka toka kwenye ngazi.

"Umekata maji!"

"Verna, nisikilize..."

"Umekata maji yangu! Umekanyaga! Wewe, fundi mzima wa mabwawa, hujui kwamba haikanyagwi? Unajua! Unajua ndiyo maana umekanyaga!"

"Junie ame..."

"Usinitajie Junie! Umemfungia kwako mwaka mzima, sasa umeona atakuja kwangu, roho imekuuma, ukaona bora uniharibie! Mshenzi! Mwanangu angeolewa na yeyote, na yeyote!"

Lonnie alitazama kule pikapu ilikosimama.

"Liangalie geti lako," akasema, akaondoka. Verna alimsindikiza kwa matusi mpaka kona ya nyumba. Akasikia mlango wa pikapu, kisha gari likaondoka kwa kasi ambayo hakuielewa.

Akafungua komeo, akasukuma geti aingie. Nyuma yake lilijirudi, komeo likabana, ta. Tangu jana hakuwa ameusikia mlio huo. Verna akageuka kulitazama, akautazama mpira nje kwenye changarawe.

Ukingoni, juu ya ngazi, palikuwa na ndala ndogo mbili za manjano, zimepangwa sawasawa. Kwa bibi hakuingiwi na viatu. Alimfundisha mwenyewe.

Kuanzia kwenye ngazi zilishuka nyayo ndogo, vidole vyote vinaonekana. Zilikwenda vizuri mpaka sakafu inapoanza kuteremka, na hapo zikawa mburuzo mmoja mrefu ulioishia majini. Pembeni yake zilishuka alama za mabuti, zimeachana mno, ncha zimezama. Mtu alikuwa anakimbia. Na nyingine zilirudi, za mabuti peke yake, za karibukaribu, visigino vimezama zaidi. Nyayo ndogo hazikurudi.

Verna alikaa chini. Alisema "Mungu wangu" mara nyingi, na mara zote hakujisikia akisema.

Aliponyanyuka, miguu ilimpeleka kwenye bomba la mbele, mazoea tu. Mkono ukashika koki. Maji yalikuwa yamekatika muda mfupi, yangefunguliwa sasa huenda pasingebaki mstari wowote. Kila ugomvi wa mwaka ule, ukuta wa Earl, mwamba, nondo, geti, vyote vilikuwa kwenye koki ile. Akaiachia. Akaingia ndani kuchukua funguo za gari.

Nyumbani kwa Lonnie hapakuwa na mtu. Alimpigia Tessa, simu ikaita mpaka ikachoka. Akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, juani, kwa sababu kivuli kilikuwa kwenye kiti cha Lonnie na hakuona kwamba ana haki ya kukikalia. Watu wa mtaa ule walipita na magari yao wakimtazama yule mama mwenye uso mwekundu. Hakumfokea hata mmoja.

Pikapu ilirudi jua limeshainama. Tessa alishuka na mtoto begani, amelala, nywele zimekauka vibaya. Alipita karibu kabisa na mama yake, gauni likamgusa goti, asimsalimu. Mlango ukafungwa.

Lonnie alibaki chini ya ngazi.

"Mzima?" Verna aliuliza.

"Mzima. Alikunywa maji. Hospitali wamemwangalia kifua, wamemruhusu."

"Nilikuwa kwenye simu. Nagombana na Ochoa. Mifuko."

"Najua ulikuwa unagombana. Tulikusikia tangu barabarani, Junie akaruka garini akatutangulia kukimbia. Tessa alikuita toka garini, mtoto mapajani, mpaka sauti ikamkauka. Ungekuwa umenyamaza kidogo tu, Verna. Kidogo tu."

Lonnie alitazama mabuti yake, akaanza kuyagonga kwenye ngazi, plasta iliyokauka ikadondoka vipande. Ufundi ni ugonjwa, haumtoki mtu hata siku kama ile.

"Maji uliyafungua lini tena?"

"Sikuyafungua."

Lonnie aliacha kugonga. "Tangu nilipoyafunga?"

"Tangu ulipoyafunga."

"Kwa jua hili? Mstari huo hautoki. Na plasta ya juu yote itapasukapasuka."

"Najua. Ochoa aliniambia."

"Na zile nyayo zitabaki."

"Zibaki."

Lonnie alingoja neno jingine. Halikuja. Koo la Verna lilijua kila neno isipokuwa lile moja, samahani, na umri ule hujifunzi kwa siku moja.

"Lonnie!" Tessa aliita toka ndani, sauti imekwaruza. "Mwambie aondoke!"

"Umemsikia," Lonnie alisema.

"Nimemsikia."

Akanyanyuka, gauni limemganda mgongoni, akatembea mpaka kwenye gari lake. Alikuwa ameshafungua mlango Lonnie alipomwita. Hakumwita mama mkwe, na hakukuwa na kicheko.

"Kesho asubuhi nakuja kwako. Bwawa siligusi, hilo utajua mwenyewe. Nakuja kung'oa lile geti niweke langu, na bomba nalihamishia ndani ya uzio. Nitafanya kwa mikono yangu mwenyewe. Wewe utakaa ndani, na husemi kitu. Neno moja tu nikilisikia, naondoka, na humwoni tena huyu mtoto."

Verna alishikilia mlango wa gari, bati linamuunguza kiganja. Alitaka kuuliza habari za Jumamosi. Hakuuliza.

"Njoo," alisema.