Kutoka Malindi Hadi Forodhani Bila Salamu

Tiketi ya Istanbul nilishaikata: siku nne za kutembea, mimi na begi langu, basi. Kaka yangu Talib akaja nyumbani kwangu Malindi, hapa Mji Mkongwe Unguja, kuniambia haiwezekani.

“Salhiya, ule mji mkubwa. Utapotea. Nnakwenda na wewe.”

Talib anakoroma hata akiwa amekaa. Siku nne na Talib si matembezi, ni adhabu.

Binti yangu Nassra akatuamulia. Nitembee kutoka Malindi hadi Forodhani kama mtalii: njia nionyeshwe na simu, nisiulize mtu wala kusema na mtu, maana kule sitamjua yeyote. Nikifungua mdomo tu, Talib anakata tiketi yake. Talib anifuate nyuma kuhakikisha. Yeye Nassra atatungoja Forodhani.

Nikavaa miwani ya jua, mkoba nikauweka kifuani wanavyofanya watalii, tukaanza saa tatu asubuhi.

Simu ikanipeleka kushoto, ikanirudisha kulia, kisha ikanitaka nipenye ukuta wa msikiti. Nikauzunguka. Lakini njia haikuwa shida. Shida ilikuwa Bi Kazija, kakaa barazani kwake anapeta mchele.

“Weye Salhiya! Leo hata shikamoo?”

Nikapita.

“Nimekukosea nini, mwanangu?”

Nikaongeza mwendo. Akaweka ungo chini, akavaa makubadhi, akanifuata. “Jamani, huyu kafiwa! Si bure!”

Habari ikanitangulia. Uchochoro wa pili wanawake watatu walikuwa tayari mlangoni. Mmoja akanipa pole, mmoja akaanza kulia, wa tatu akauliza maziko saa ngapi. Fundi cherehani akaiacha suruali ya mtu kwenye mashine, naye akajiunga. Marehemu hakuna aliyemjua, ila wote walikubaliana kuwa alikuwa mtu mwema sana.

Nilifika Forodhani na watu kumi na tatu nyuma yangu, sijasema hata “ah”.

“Mama, nani kafa?” Nassra akashtuka.

Nikamwonyesha saa.

“Dakika ishirini na mbili. Haya, umefaulu, sema.”

“Hajafa mtu!” nikawageukia. “Ulikuwa mtihani!”

“Mtihani wa nini?” Bi Kazija alikuwa anahema. “Wa kuua wazee?”

“Na mjomba yuko wapi?” Nassra akauliza.

Nikampigia simu. Nikasikia vikombe vinagongana.

“Niko hapa hapa Malindi, kwa Miraji wa kahawa,” alisema Talib. “Nilimpa salamu tu, akanikalisha. Ananihadithia magoti yake. La kushoto nshalisikia, sasa anaingia la kulia.”

“Kaka, nnakwenda peke yangu.”

“Nenda, nenda. Lakini Salhiya, hapa wanasema kuna msiba. Nani kafa?”

Nikakata simu, nikaanza kuomba radhi, mmoja mmoja. Kila mmoja alitaka salamu yake kamili: yeye, watoto, wajukuu, hata mgonjwa wao aliyeko Mwanakwerekwe. Nilirudi Malindi wanaadhini adhuhuri.