Hodi kwenye Shimo la Nne

Jumatatu saa mbili asubuhi mkaguzi wa mambo ya kale alishuka kwenye gari la mradi akiwa na mwiko wa mwashi, chekeche, utepe wa kupimia, na fomu ya kurasa tatu ambayo ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshajazwa. Uliandikwa: "Uwezekano wa kupatikana mabaki ya kale: MDOGO." Ilibaki sahihi yake tu.

"Nimekurahisishia, dada," alisema mhandisi. "Barabara yenyewe mita mia tisa. Ukikohoa imekwisha."

Mkaguzi alimwambia kwamba yeye huchimba kwanza, ndipo huandika. Mhandisi alicheka kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa kichekesho anachokijua.

Mashimo yalikuwa sita, kila moja mita kwa mita. Mchimbaji alikuwa mzee ambaye wote walimwita Mzee Sururu, na sururu yake ilikuwa na maneno machache kuliko yeye. Shimo la kwanza lilitoa vizibo vya soda. La pili, kandambili ya mguu wa kushoto. La tatu, ya mguu wa kulia, ila ya mtu mwingine.

"Hawa wawili waligombana," alisema Mzee Sururu. "Andika."

Mkaguzi aliandika kandambili, ugomvi akauacha.

Kwenye shimo la nne, kina cha sentimita tisini, mwiko ulifikia jivu. Jivu lilikuwa bado la moto. Mkaguzi alilikwangua taratibu, kama alivyofundishwa, mpaka likaonekana jiko la mafiga matatu, chungu juu yake, na mwanamke mtu mzima ameketi kwenye kigoda akichagua mawe kwenye ungo wa nafaka.

"Kwenu hampigi hodi?" aliuliza mwanamke bila kuinua macho.

Mkaguzi aliona haya. Alirudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa shimo. "Hodi, bibi."

"Karibu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Futa miguu, nimefagia."

Alifuta miguu, akashuka. Walipima jiko pamoja, mwenyeji akishika ncha ya pili ya utepe na kuuliza huo uzi una maana gani. Mkaguzi alimuuliza ameishi hapo tangu lini.

"Tangu hapa chini palipokuwa juu."

Jibu hilo liliandikwa kwenye nafasi ya tarehe, likaenea vizuri. Kisha mkaguzi alimweleza habari ya barabara.

"Si wapite," alisema mwanamke. "Nani kawazuia? Ila wasinikanyagie jiko. Mimi sina pa kwenda, jiko la mtu halibebwi kichwani. Waambie wasogee hatua mbili tu, huo mkono wa kushoto."

Mzee Sururu alihesabu hatua mbili huko juu. Ya pili ilimgongesha pua kwenye ukuta wa ua wa diwani wa kata hiyo.

Mkaguzi aliufuta ukurasa wa mwisho, akaandika: "Uwezekano: MKUBWA. Jiko linatumika. Barabara isogezwe mita mbili kushoto."

Mhandisi aliisoma taarifa hiyo ofisini, chini ya feni, mara mbili. "Huyu mama anaongea?"

"Anaongea."

"Basi si mabaki. Mabaki hayaongei."

"Basi ni mkazi."

"Ana namba ya kiwanja?"

"Hana."

"Basi si mkazi."

"Sasa ni nani?"

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Aliipekua fomu kwa dhati, ukurasa hadi ukurasa, akatazama hata nyuma yake. Hapakuwa na kisanduku cha mtu kama huyo.

"Na mita mbili?" aliuliza mkaguzi.

"Dada, hizo mita mbili ni ukuta wa diwani. Una miaka miwili sasa. Hatuwezi kuamka tu tukabomoa kitu cha watu."

Hata hivyo alikubali kwamba mama wa watu anastahili heshima. Kesho yake alifika mwenyewe, viatu vimeng'arishwa, kofia mkononi, akasimama ukingoni mwa shimo la nne. "Hodi!"

"Karibu," alijibu mwanamke, kama angejibu yeyote aliyelelewa na wazazi.

Mhandisi alitazama saa, akaandika: "Saa nne na dakika kumi. Mhusika ameshirikishwa. Ameukaribisha mradi." Akampa Mzee Sururu karatasi atie dole gumba kama shahidi.

"Mimi nimesikia 'karibu' tu," alisema Mzee Sururu.

"Na mimi ndicho nilichoandika."

Huko chini mwanamke alikuwa ameshasogeza kigoda cha pili na kukipangusa. "Mbona haingii?" alimuuliza mkaguzi, aliyekuwa amechuchumaa ukingoni.

"Ameondoka, bibi."

"Hodi gani hiyo, ya kupita njia?"

Mkaguzi alikataa kutia sahihi. Fomu ikapigwa muhuri kwa niaba yake, naye akatumiwa barua ya kumshukuru kwa ushirikiano. Siku ya kushindilia kifusi, dereva wa mtambo, ambaye Mzee Sururu alikuwa amemweleza habari za bibi, alipiga hodi kila alipofika hapo. Alipita mara kumi na nne. Akakaribishwa mara kumi na nne, kila mara kwa sauti ya mbali zaidi. Mhandisi alizijumlisha kwenye faili: ridhaa kumi na tano.

Barabara ilizinduliwa na diwani, aliyesifu jinsi ilivyonyooka. Mahali pamoja lami huwa na ufa, na kila siku saa tano moshi mwembamba hutoka hapo, na harufu ya kitu kinachokaribia kuiva. Mafundi huuziba kila mwezi. Kwenye ratiba yao umeandikwa "ufa wa kawaida".

Mkaguzi alipita hapo akienda kwenye kazi nyingine. Alichuchumaa, akagonga lami kwa mpini wa mwiko. "Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti kutoka chini. "Kigoda chako kipo. Ila mlango sijui wameuhamishia wapi."

Honi ililia nyuma yake. Mkaguzi alifuta miguu, akasogea hatua mbili kushoto mpaka mgongo ukagusa ukuta, gari la diwani likapita.